Sufuria Isiyo na Bati

Mama Sikujua alikuwa ameziinua sufuria zote za Nasoro, moja baada ya nyingine, na hakuwa ameuliza hata mara moja zinachukua pombe kiasi gani.

Nasoro, mwuza vyombo wa soko la Rumonge, kando ya ziwa, aliliona hilo. Nyuma ya yule mama alisimama ombasha Hamisi, askari wa Mdachi, ameshika mfuko wa rupia za mkubwa wake, shaushi. Baada ya siku nane shaushi angemwoa Sikujua, binti pekee wa yule mama. Hakuomba, alisema tu. Mke wake wa kwanza alikuwa amezikwa Usumbura, na wa pili alirudishwa kwao haoni jicho moja. Sasa mama wa bi harusi alitakiwa kupika pombe ya mtama ya kuwatosha askari wote wa kituo. Alikuwa amemwambia shaushi kwamba vyungu vyake ni vidogo, na shaushi akatoa fedha.

"Chukua chungu hiki," Nasoro alisema. "Wafinyanzi wamekishusha juzi toka mlimani. Bei yake ni ndogo, na pombe ya mtama inakipenda."

"Chungu hapana. Nataka shaba."

Nasoro akamtolea sufuria mpya, ndani nyeupe kwa bati. Ombasha aliposikia bei alichungulia mfukoni, akatikisa kichwa. Mama Sikujua hakubishana. Aliinama akavuta sufuria kuukuu iliyokuwa chini ya zote, pana, nyeusi kwa moshi. Akaikwaruza kwa ukucha mpaka wekundu ukaonekana.

"Na hii?"

Nasoro alitaja bei. Ombasha akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka kununua muwa kwa jirani. Nasoro akajifanya anaifuta ile sufuria.

"Mama Sikujua," alinong'ona, "hii bati yake imekwisha. Pombe iko na ukali. Ikilala mu shaba tupu inakuwa sumu. Kule Ujiji watu walitapika damu, wawili wakafa."

"Ikilala siku ngapi?"

Nasoro alimtazama. Macho ya yule mama yalikuwa makavu, yametulia.

"Mbili," alijibu, na papo hapo akajuta.

"Naichukua. Murakoze, baba," alishukuru.

Siku zile nane Nasoro aliwaza jambo moja tu. Askari wakifa, wangeuliza nani aliuza sufuria, na ombasha alikuwepo. Wangemnyonga pamoja na yule mama, kamba mbili kwenye mti mmoja. Mara mbili alipanda hadi mlango wa kituo. Mara mbili akalikumbuka lile jicho la mke wa pili, akarudi. Mara ya tatu ombasha alimwona.

"Unataka nini?"

"Nilitaka kujua kama sufuria inafaa."

"Utajua kwenye harusi. Shaushi anataka uje."

Siku ya harusi, asubuhi, vyungu vya pombe vilipangwa uani kwa Mama Sikujua na mirija mirefu ikachomekwa. Ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wanawake walikuwa wakimwimbia bi harusi tangu alfajiri. Kwa desturi, bwana harusi asingemwona mpaka jua lizame.

Kwa desturi pia, aliyepika pombe huonja kwanza. Mama Sikujua alipiga magoti, akavuta mrija kwa muda mrefu, akafuta midomo, akampa shaushi. Nasoro aliukaza mgongo wake kwenye ukuta. Kumbe mama huyu ameamua kufa nao.

"Mwuza vyombo," shaushi aliita. "Mbona umekaa mbali?"

"Dini yangu hairuhusu, bwana shaushi."

"Hata yangu hairuhusu. Njoo."

Nasoro alikuja akatia mrija mdomoni bila kuvuta.

"Sioni koo likisogea," shaushi alisema.

Mkono wa ombasha ulishuka kwenye kiboko. Nasoro alimtafuta Mama Sikujua kwa macho, lakini yeye alikuwa ameligeukia ziwa. Basi akapiga shahada moyoni, akavuta.

Ilipofika alasiri hakuna aliyekuwa ametapika. Askari waliimba, wakagombana, wakapatana, kisha wakaanguka mmoja mmoja kwenye kivuli cha michikichi. Shaushi alikoroma mdomo wazi. Nasoro alijibonyeza tumbo. Halikuuma, kichwa tu ndicho kilichozunguka.

Alijikongoja mpaka nyuma ya nyumba. Pale mekoni palikuwa na vyungu vitano vya udongo, vya kuazima kwa majirani, na makapi ya mtama yamekaukia midomoni mwake. Shaba haikuwepo. Mama Sikujua alikuwa amesimama peke yake, anatazama milima ya ng'ambo.

"Mama Sikujua, sufuria iko wapi?"

"Iko Ubwari sasa, ng'ambo ya ziwa, Mungu akipenda," alijibu taratibu. "Mwenye mtumbwi alikataa rupia za Mdachi. Alitaka shaba, tena nzito."

Nasoro aliigeukia nyumba. Ndani wanawake walikuwa bado wanaimba, sauti zimewakauka. Alisogea mlangoni, akausukuma kidogo.

Wanawake wale walikuwa wamekaa duara, wanapiga makofi, macho yote mlangoni. Katikati yao, kwenye mkeka mpya wa bi harusi, hapakuwa na mtu.