Sanduku la Safari ya Maporomoko

Kheri alitaka kuyaona maporomoko ya maji kabla ugonjwa haujammaliza, na daktari alikuwa amewaambia miezi imebaki miwili tu. Basi mkewe, Saumu, akapanga safari ya siku tano. Asubuhi ya kuondoka, Kheri alifungua sanduku ili atie kofia yake. Chini ya kanga za mkewe akakuta kitambaa cheupe kipya, kinanuka karafuu maiti.

Ilikuwa sanda.

Saumu alisimama mlangoni, uso umemshuka. Aliogopa kwamba kule ugenini, likitokea la kutokea, hatajua pa kuinunua.

"Mama Rehani," Kheri alisema, "kwani hiyo hoteli haina mashuka?"

Saumu hakuweza kucheka.

"Ulinipima lini?"

"Ulipokuwa umelala," alijibu, akitazama vidole vya miguu yake.

Kheri aliikunja sanda taratibu, akairudisha ilipokuwa, kisha akapapasa pembe zote za sanduku.

"Na kaptula yangu ya kuogelea umeiweka wapi?"

Saumu hakuwa ameipakia. Wala wazo hilo halikumjia kichwani. Alikwenda kabatini akaanza kupekua, machozi yanamziba macho, na nyuma yake mumewe akabaki amelishikilia sanduku wazi.