Midundo Mitatu ya Upande wa Pili

Kabiru alitoa betri kwenye saa ya ukutani isije ikaleta kelele, akafunga dirisha, kisha akamfukuza paka. Ndipo akaifungua ile CD.

"Hata harusi yangu haikuwa na adabu hivi," Walter alisema.

Walikuwa watatu sebuleni kwa Munyoki, huko Mowlem, wanaume wa vipara na vitambi ambao mwaka wa sabini na nne walikuwa vijana wa suruali za bugaluu. Tangu wakati huo walipenda albamu moja tu, ya Waingereza wa roki wenye nywele ndefu. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa sahani ya santuri, na hakuna kati yao aliyejua unahusu nini. Eastlands nzima ilipokuwa ikicheza rumba, wao waliketi sakafuni wamefumba macho. Wasichana waliwakimbia. Wenyewe walijiita wasomi wa muziki. Majirani waliwaita wagonjwa.

Shemeji yake Kabiru ndiye aliyeileta albamu hiyo kwenye CD kutoka Uingereza. Lakini Walter alikuwa na jambo lake kwanza.

"Munyoki, mke wangu anangoja jibu. Mbeti yuko kwangu sasa hivi, anakunywa chai. Kesho anarudi kwao Kitui, na akishaenda harudi tena. Mumewe alifariki, watoto wamekua. Anataka kukuona. Anasema ana swali moja tu."

"Swali? Mimi ndiye mwenye maswali!" Munyoki alijipapasa kipara. "Nilimwambia aje Jumapili, akitoka kanisani, aniambie kama atakubali nimuoe. Nikafua soksi. Nikanunua soda. Nikajipaka mafuta mpaka magotini, sijui nilidhani nani atayaona magoti! Siku nzima sikutoka nje. Hakuja. Desemba nasikia ameolewa Machakos."

"Si ungemfuata umuulize?"

"Mwanamume ana heshima yake, bwana."

"Na hiyo heshima ndiyo inakupikia ugali?" Kabiru aliuliza.

Walicheka wote, na Munyoki akacheka kuliko wenzake, kwa sababu jana alikuwa amepika sukuma wiki ya mtu mmoja na leo asubuhi akala iliyobaki. Kisha akaacha kucheka.

"Iliniuma, jamani. Mpaka leo inaniuma."

"Lakini Mungu si Athumani," Kabiru alisema. "Siku hiyo hiyo alikunyima mke, akakuletea sahani."

Hilo lilikuwa kweli. Mjomba wake Walter alikuwa mpishi wa mzungu fulani, na mzungu alikuwa ameenda Mombasa wikendi. Sahani ililazimika kurudi kabatini kabla hajarejea. Kwa hiyo Jumapili hiyo waliibeba mpaka chumbani kwa Munyoki, wakati huo akiishi Maringo, pamoja na gramafoni ya kuazima na redio-kaseti ya Kabiru. Waya wa kuunganisha hizo mashine mbili hawakuwa nao. Waliweka redio kwenye kigoda, mbali na spika ili sauti isikwaruze, wakabonyeza kitufe cha kurekodi, wakaongeza sauti ya gramafoni mpaka sahani za chakula zikatetemeka rafuni. Wenyewe waliketi wamebandika masikio kwenye spika. Amri ya Kabiru ilikuwa moja: asiongee mtu, asikohoe mtu, asiinuke mtu. Kabiru mwenyewe aliibana chafya yake puani, akaumwa na masikio wiki nzima.

Sahani yenyewe hawakuiona tena. Kaseti waliisikiliza mpaka utepe ukakatika, wakauunga kwa gundi, wakaendelea.

Na katika albamu nzima, kilichowamaliza kabisa kilikuwa upande wa pili, pale gitaa linapopungua na ngoma kuingia. Du, du, du. Kimya. Du, du, du. Kimya tena, kirefu zaidi. Kisha mara ya mwisho, polepole, kama mpigaji amechoka. Kabiru alishikilia kwamba ni misumari ya jeneza. Walter alisema ni kiwanda kinachofungwa, wafanyakazi wakirudi nyumbani bila kazi. Waliwahi kununiana mwezi mzima kwa ajili hiyo.

Munyoki alikuwa na yake. "Huyo mpigaji ameachwa kama mimi," alizoea kusema. "Mtu hawezi kupiga hivyo kama hajaumizwa."

"Basi nimwambie nini Mbeti?" Walter aliuliza sasa.

"Tusikilize kwanza. Lakini jibu ni hapana."

Kabiru aliitia CD kwenye redio, akabonyeza. Lo! Sauti ilikuwa safi ajabu, hata vinanda ambavyo hawakujua vipo vilisikika. Waliketi kimya, wazee wazima, macho wamefumba. Upande wa pili ukaanza. Gitaa likapungua. Munyoki akavua miwani, akainua kidole, tayari kupiga pamoja na ngoma kwenye goti.

Kidole kilipiga peke yake.

"Ngoja," Kabiru alisema. Akairudisha nyuma. Gitaa likapungua, likainuka tena, likaenda zake. Akaitoa CD, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Gitaa tu.

"Wamezikata! Hawa wazungu wamezikata ngoma!" Kabiru alilalamika.

Walter alikuwa anaitazama redio.

"Kabiru," aliuliza polepole, "siku ile kile kigoda tulikiweka wapi?"

"Si pale nyuma yetu. Kikaegemea mlan..."

Kabiru hakumaliza. Munyoki alikuwa ameshafika ngazini, anakimbilia kwa Mbeti, mguu mmoja kavaa kiatu chake na mwingine kiatu cha Walter.