Kamera ya Kitufe Kimoja

Kwa sheria ya sasa, kamera haipigi picha ya familia mpaka kila uso utabasamu. Kamera mpya ya wapigapicha wa kazi aliisanifu Mwanaidi: kitufe kimoja kikubwa, unakipata bila hata kukitazama. Swichi ya kulazimisha picha aliitoa. Katika majaribio, walioihitaji walikuwa watatu kati ya elfu.

Kwenye harusi ya mdogo wake, mpigapicha alikuwa Mzee Shekue, na Mwanaidi alisimama kando yake aone kazi yake ikitumika. Mama yao, ambaye kiharusi kilimlegeza upande mmoja wa uso, aliketi katikati. Mzee akabonyeza. Kimya.

"Imesusa," bwana harusi akatania.

"Swichi iko wapi, binti?" Mzee akauliza.

"Niliitoa, Mzee. Ilikuwa inawachanganya watu."

"Mimi ilinichanganya lini?"

Mama akajaribu tena kutabasamu, akashindwa.

"Kaa tu, Mama, tutangoja," bibi harusi akasema.

"Mngoje nini, na jua hili?" Mama akainuka taratibu, akaja kusimama na Mwanaidi nyuma ya kamera.

Mzee akabonyeza mara moja. Picha ikatoka safi.

"Kumbe ni rahisi," Mama akasema, akimshika Mwanaidi mkono.