Upande wa Joho

Mama yake Ruoqing aliacha mbegu ya alizeti katikati ya meno, macho yameganda kwenye runinga.

Nyumba ilikuwa imejaa. Majirani tulikuja kumwona Ruoqing akiigiza kijakazi katika tamthilia ya kasri la kale, na mwenyewe alikaa nasi kwenye kochi. Muda wote tulikuwa tukitania.

"Malkia ana kope za saluni," nilisema. "Enzi hizo alizipata wapi?"

"Na farasi kanenepa kuliko mfalme," jirani akadakia.

Ndipo kijakazi wetu akaingia kwenye skrini na sinia la chai, nasi sote tukaliona joho lake. Upande wa kulia ulilala juu ya wa kushoto. Hivyo tunawavisha maiti tu.

"Watu wa mavazi walisinzia, shoga," nikamwambia mama mtu.

"Lakini nilivaa sawa na wenzangu, shangazi," Ruoqing akasema. "Mama, hebu rudisha nyuma uone."

Mama akarudisha. Kijakazi akaingia tena, na safari hii upande wa kushoto ulikuwa juu, kama wa watu wote walio hai. Tukashusha pumzi.

Mama hakushusha. Alikuwa amegeuka kulitazama koti la pamba alilovaa binti yake, lile la kufunga kwa kamba ubavuni.

"Nani kakuvisha hivyo, mwanangu?"

Ruoqing akainama kujitazama. Upande wa kulia ulikuwa juu.

Vidole vya mama vilikuwa tayari kwenye kamba, vikivuta, na fundo halikulegea.