Nyuma ya Msafiri

Mashaka alipomaliza kufunga mfuko wake wa safari, alimwambia dada yake achukue ufagio.

"Nikishatoka tu, dada, fagia uwanja wote."

Chausiku alimtazama. Pale mjini hakuna anayefagia nyuma ya msafiri. Ukifuta nyayo zake, harudi tena.

"Nitafagia kesho kutwa."

"Fagia leo. Nikiwa na pa kurudi, nitarudi, na nikirudi nitakunywa mpaka mnizike. Huko shamba hakuna mwenye kilabu anayenijua."

Chausiku hakusogea. Basi Mashaka akauchukua ufagio mwenyewe, akautupa mfuko begani, akatoka kinyumenyume akifagia kila alipokanyaga, kuanzia kizingitini hadi barabarani. Tangu jana hakuwa ameonja tone la pombe. Akauegemeza ufagio kwenye ua, akaenda zake bila kuaga.

Uwanja ulibaki mweupe kama wa nyumba isiyo na watu. Chausiku aliukagua taratibu, mpaka alipoona karibu na mtungi wa maji unyayo mmoja uliomponyoka mdogo wake: kisigino na vidole vitano, vimezama kwenye tope.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Akaleta karai, akaufunika ule unyayo.