Kuunyima Uvimbe Chakula

Mzee Qiu alikuwa akikohoa na kuvuta sigara kwa zamu, kwenye ngazi za wodi ya mapafu, chini kabisa ya kibao kinachokataza sigara. Upara wake uling'aa. Waliopita walimwonea huruma, kisha wakaiona sigara na huruma ikawatoka.

"Mzee, bado tu?" alimtania Fang, aliyekuwa akimuuguza kaka yake wodini humo. "Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

"Dawa yenyewe unaijua?" Tangu daktari amweleze, Qiu alijiona profesa wa jiji zima la Changsha. "Chupa moja ni kemo, dawa ya saratani, inaupiga uvimbe. Nyingine inazuia mishipa ya damu inayoulisha. Unauzingira mji, unakata njia ya chakula, huku unapiga. Sasa kisigara kimoja kitafanya nini?"

Daktari Lu akamkuta hapo hapo.

"Picha zimetoka. Uvimbe umepungua," alisema. Qiu akamkonyeza Fang, lakini daktari akaendelea: "Usichekelee! Mimi nakata njia ya chakula, wewe unapitisha magunia mlango wa nyuma. Ukiwasha nyingine ndani ya nyumba yako, usije kunililia hapa."

Profesa aliogopa, akaogopa kweli. Machozi yakamtoka mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alitoka nje kuvuta. Akaifinya pakiti, akaitupa pipani, na kiberiti juu yake.

"Makofi kwa shujaa!" Fang akacheka. "Umri wote huo ndiyo unazinduka leo?"

Qiu alinawa uso, akaingia wodini.

Mkewe, Yuzhen, alikuwa ameketi kitandani, kajitanda skafu kichwani, kamwekea bakuli la supu ya njiwa. Mama huyu hakuwahi kuvuta. Sigara alizowahi kushika ni zile alizowawashia wageni siku ya harusi yake, kama desturi ya kwao inavyomtaka bibi harusi.

"Macho mekundu hayo, mzee. Daktari kasema nini?"

"Kasema homa ya mapafu inapona." Ndio uongo aliopanga na wanawe tangu mwanzo.

"Si nilikwambia? Kunywa supu, umekonda."

Nesi akaingia na chupa zake mbili. Qiu akasogea kumpisha, na Yuzhen akakunja mkono wa sweta.