Zege la Shemeji Makame

Sikudhani, mkaguzi wa ujenzi, alijaza zege kwenye ndoo ya chuma ya kupimia, isiyo na kitako, akalishindilia kwa nondo, akalisawazisha juu. Mafundi wote waliacha kazi wakamtazama. Nguzo za wodi ya wazazi zilikuwa zinamsubiri yeye aseme ndiyo.

"Shemeji, pitisha bwana," alisema Makame, dereva wa lori lililoleta zege, kaka wa mumewe. "Nimeongeza maji kidogo tu njiani. Leo si unakula kwetu?"

"Kula nakuja."

Akainua ndoo taratibu, moja kwa moja juu. Zege zuri hubaki limesimama, likishuka kidogo tu. Hili lilitawanyika chini lote.

"Mchuzi huo!" fundi mmoja akacheka.

"Rudisha," alisema Sikudhani.

"Shemeji! Bosi nitamwambia nini?"

"Mwambie shemeji yako amekataa."

Makame alipanda lori kwa hasira, akaliwasha. Halafu akalizima. Akashuka, akaichukua ile ndoo mkononi mwa Sikudhani, akaenda nayo kwenye pipa la maji, akaanza kuiosha polepole, ndani na nje, iwe tayari kupimia zege jingine.